Mfaume Alivyoikwangua Injini

Mfaume alikuwa fundi wa boila, tena fundi kweli. Miaka ishirini na sita alikaa karakana ya reli, tangu Mwingereza hajajituliza sawasawa kwenye kiti alichomnyang'anya Mjerumani. Injini ikiugua, anaitwa Mfaume. Anatia kichwa kwenye tundu la moto, mwili unafuata, inabaki miguu tu nje, na akija kutoka humo ni masizi na meno. Halafu siku moja, vita ya Hitla imekwisha kama miaka minne hivi, wazee kumi na mmoja wakaitwa, wakaambiwa kazi imepungua, nendeni mkapumzike. Kupumzika! Mtu ana miaka hamsini, mikono kama koleo, apumzike na nini?

Basi akawa anashinda kwake Temeke anamsumbua mkewe, Tabu. Leo kakaza bawaba za mlango, kesho kazilegeza, eti zimekazwa mno.

"Mume wangu," Tabu akamwambia, "hebu nenda hata Keko ukatembee. Mlango umechoka."

Ndipo ikaja habari kwamba karakana itarudisha wazee wawili, lakini kila mmoja awe na barua ya mzungu anayeijua kazi yake. Wazungu waliomjua Mfaume walikwisha rudi kwao zamani. Aliyebaki ni mmoja tu, Bwana Wiliki, wa ofisi ya juu, na huyo Bwana Wiliki alikuwa na treni ya kuchezea.

Nanyi msicheke. Haikuwa ya watoto ile. Ilikuwa injini kamili, urefu wake kama toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, boila yake shaba tupu, silinda mbili. Unatia maji, unawasha spiriti chini, inapiga mvuke inakwenda. Nyuma yake mabehewa matatu ya mbao. Babake Bwana Wiliki ndiye aliyeiunda huko Ulaya kwao. Lakini sasa haikwenda tena. Mvuke ulivuja kila upande, na behewa moja lilikwisha liwa na mchwa wa hapahapa Dar es Salaam, maana mchwa wetu hajui cha mzungu wala cha nani. Bwana Wiliki akamwita Mfaume kwake uzunguni, akamwekea ile injini mezani.

"Fundi, mimi nataka itembee," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Ikitembea, mimi naandika barua siku ileile."

Mfaume akaitia kikapuni, akaifunika kanga ya Tabu, akaenda nayo kwa miguu mpaka Temeke. Hakutaka kupanda basi, isije ikagongwa na magoti ya watu.

Lile behewa akampelekea Kornelio. Huyu Kornelio ni mtu wa kusini, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago, nyumba yake ya tatu kutoka kwa Mfaume. Siku mbili tu kalirudisha. Mfaume akaligeuzageuza.

"Wee Kornelio, umetia ubao mmoja?"

"Ulioliwa ni mmoja."

"Na hizi nyingine zilizopauka? Behewa limekuwa kama shati la kiraka! Ungezing'oa zote, ukatia mninga, ukapiga vanishi."

"Si langu, bwana. Mtu kakuletea mzee wake kavunjika mguu, wewe unamfunga mguu. Na sura unambadilisha?"

"Uvivu huo, mwenzangu. Nyie watu wa vinyago mmezoea vitu visivyotembea."

"Na wewe umezoea kuzima moto kwa kichwa, ndiyo maana nywele hazioti." Kornelio akaenda zake anacheka.

Injini yenyewe Mfaume aliifungua nati kwa nati, akazipanga mkekani kila moja na mwenzake, na Tabu akapigwa marufuku kufagia kile chumba siku sita. Pistoni akazifunga nyuzi mpya za pamba alizoziloweka mafuta. Vali akazisugua taratibu mpaka zikakaa. Kufika hapo injini ilikuwa ya kwenda. Wallahi ilikuwa ya kwenda! Angeirudisha vilevile, angekuwa na barua yake.

Lakini ilikuwa na rangi. Kijani kilichofifia, na mistari ya manjano ya kuchora kwa mkono, imepindapinda, na ubavuni mwa boila pana alama ya kidole, kidogo hivi, kama mtu kaigusa haijakauka. Na Mfaume alikotoka yeye, boila haitiwi moto kabla haijakwanguliwa rangi yote ikabaki uchi, kwa sababu rangi inaficha ufa. Hilo hakuhadithiwa. Alikuwa na mwenzake, Jabiri, mtu wa Segerea. Siku moja msimamizi kasema injini inatakiwa haraka, msikwangue, pigeni rangi juu kwa juu. Fundi wa rangi akatii, akapiga. Jabiri akawasha moto. Mvuke ukachagua pa kutokea, ukatokea palipo na uso wa Jabiri. Mfaume ndiye aliyembeba, na ngozi ya mkono wa mwenzake ikavuka, ikambakia yeye kiganjani kama soksi. Tangu siku hiyo, hata sufuria ya nyumbani Mfaume alikuwa anaiangalia chini kabla haijatiwa moto.

Basi akaikwangua. Mafuta ya taa, wembe, msasa. Pale penye kidole rangi iliganda nene, asubuhi nzima ikampotelea pale. Na karibu na mlango wa moto, chini ya ule mstari wa manjano, akauona: ufa, mwembamba kama unywele wa mtoto.

"Tabu! Njoo uone! Huyu bwana angekufa!"

Tabu akainama. "Mie sioni kitu."

"Ndiyo maana nasema angekufa."

Akaziba kwa lehemu ya fedha. Na kwa kuwa injini haitokagi karakana uchi, akaipaka rangi mpya, damu ya mzee, ileile ya injini kubwa za siku zile, ikang'aa hata nzi akitua anateleza. Alipokuwa anaipaka, alikuwa anaiona barua.

Alipoirudisha, Bwana Wiliki alikuwa barazani kwake anakunywa chai. Akaifunua kanga. Akapitisha mkono ubavuni mwa boila, akarudia tena.

"Kidole kiko wapi?"

"Kidole gani, bwana?"

"Hapa. Kidole changu. Mimi mtoto, miaka mitano. Baba anapaka rangi, mimi nagusa. Baba anacheka, anasema, acha, kikae."

Mfaume akaonyesha karibu na mlango wa moto. "Bwana, palikuwa na ufa. Ungewasha moto ingekupasukia."

"Mimi nilisema rangi?"

"Hukusema, bwana, lakini boila..."

"Mimi nilisema rangi?"

Na macho ya mzungu yakajaa maji. Mfaume hajapata kuona jambo hilo. Huruma ikampanda mpaka kooni, alikuwa karibu aseme nisamehe. Kisha akakumbuka siku waliyomzika Jabiri: saa nne wamemzika, saa nane wakatakiwa kazini, na hakuna bwana aliyetoa chozi. Huruma ikashuka ikarudi ilikotoka.

"Barua, bwana," akasema, na huku anajua.

"Chukua hii, nenda. Sitaki kuiona. Fundi asiyejua kuacha kitu, mimi nimwandikie nini?"

Mfaume akaifunika kanga. "Ningeiacha ikupasue," akasema, lakini kwa Kizaramo, na kwa sauti ya chini.

Tabu alimpokea mlangoni, akaangalia mikono yake, akaona kikapu tu. Kornelio alikuja na utani wake mdomoni, akamtazama mwenzake usoni, akaumeza. Wakatia maji, wakawasha spiriti. Injini ikapiga mvuke, ikaondoka na mabehewa yake sakafuni, haina reli, ikaenda ikaugonga ukuta, magurudumu yanazunguka tu.

"Inakwenda," akasema Kornelio.

"Inakwenda," akasema Mfaume.

Mwisho wa mwezi karakana ikarudisha wazee wawili. Mmoja alikuwa yule fundi wa rangi aliyepiga juu kwa juu.

Mfaume akafungua kigenge chake pembeni mwa soko la Temeke, anaziba masufuria na mabirika yanayovuja. Ramadhani ilipokaribia wateja wakawa wengi, na shaba ikawa haipatikani. Akaenda nyumbani, akaishusha injini kutoka juu ya kabati, akaikata boila kwa mkasi wa bati, kipande kwa kipande, kila kimoja akakikwangua rangi.

Jirani yake, Chausiku, alikuja kuchukua birika lake. Akalielekeza juani, akatazama kiraka.

"Hee! Shaba safi hivi, kaka Mfaume, umeipata wapi?"

"Kwenye treni."

"Muongo wee! Treni ya wapi hiyo?"

"Ya kwenda Kigoma," Mfaume akasema. "Tia maji tuone kama linavuja."