Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Asubuhi ya ubatizo mtoto wa Dorika alilia mpaka nikaanza kumchukia, Mungu anisamehe. Mimi ni mtu wa Karonga, Nyasaland. Mume wangu, fundi seremala, aliitwa aje kijiji hiki cha Ulemo kuezeka kanisa, tukapokewa nyumbani kwa Naftali na mkewe Dorika kama ndugu. Sherehe ile ilikuwa yangu pia: mimi ndiye mama wa ubatizo, na uwele wote nimetwanga mimi.

"Si njaa hiyo," alisema Bibi Lea, mama yake Naftali. "Kuna mtu anadai jina lake."

Nikamuuliza Dorika, mtu gani tena? Akacheka. "Marehemu wetu, dada. Bibi atawataja mmoja mmoja. Atakayemnyamazisha mtoto ndiye aliyerudi. Ila mchungaji asisikie!"

Bibi Lea akampakata mtoto, akawaita babu zao, shangazi zao, hata yule aliyeliwa na simba njia ya Rungwa. Wapi! Kelele zikazidi. Kengele ya kanisa ikalia.

"Na wewe ni wa nyumba hii," bibi akaniambia. "Taja wako."

Nikamtaja babu. Nikamtaja dada yangu aliyekufa kwa ndui. Bure kabisa. Nikachoka, na mtu akichoka humlilia mamaye. "Jamani, Tusekile, mama yangu wee, njoo unisaidie!"

Mtoto akanyamaza papo hapo. Akafumbua macho, akanitazama mimi, si bibi.

Wakapiga vigelegele. Mimi baridi ilinipanda kutoka miguuni. Mama nilimwacha hai, shambani kwake kwenye mihogo, akiniambia nisikawie kurudi. Kila mwaka nilisema, mwakani. Tangu vita vya Hitla vianze, hata salamu zilikuwa hazifiki.

"Pole, mwanangu," Bibi Lea alisema. "Alifariki lini?"

"Hajafa!" nikamfokea, mtu mzima yule. "Mama yangu hajafa! Mpe jina jingine!"

Vigelegele vikakatika. Bibi akamwita mtoto Marta, akamwita Rebeka. Kilio kikaanza upya. Nikaziba masikio. Nilivumilia mpaka nikaona aibu kumtesa malaika wa watu, nikasema kwa sauti ndogo, "Tusekile." Akatulia, akanitazama vilevile.

Kanisani nilimbeba mimi. Hakulia, hakusinzia, macho yake hayakunitoka usoni. Niliogopa kumtazama, nikaogopa zaidi kutomtazama.

"Mtoto anaitwa nani?" mchungaji akauliza.

Dorika alinigeukia, machozi yanamlengalenga. Nilijua nikilitamka pale mbele ya watu, nimemzika mama kwa kinywa changu mwenyewe.

"Tusekile," nikasema. Kisha nikapiga magoti na mtoto mikononi, nikamwamkia kanisa zima likisikia:

"Shikamoo, mama."