Pua ya Fundi

Fundi Pua hakupewa jina hilo bure. Gari linalovuja likiingia gerejini, wenzake hukimbilia boneti. Yeye anainama chini, anavuta pumzi, anatoa hukumu: "Hii petroli. Hii oili ya gia. Na hayo, dada yangu, ni maji ya rejeta." Hakosei. Kichwa kilimvimba kidogo, na nani kisingemvimba?

Kisha yakaja mafua mabaya. Mafua yakaenda zake, yakaenda na pua. Fundi akanusa petroli, wapi! Akanusa soksi zake mwenyewe, wapi! Badala ya kusema, akaufyata. Gerejini akawa anachovya kidole kwenye tone, anakitazama kwenye mwanga huku akijitia kunusa. Nyumbani ndiko alikozidisha. Kila asubuhi mkewe akipita, yeye: "Leo umenukia, mke wangu." Aliogopa, jamani. Mkewe alizoea kujivunia ile pua kwa majirani, sasa ajivunie nini?

Asubuhi moja akaingia jikoni kuchemsha chai, madirisha yote yamefungwa. Akachukua kiberiti, akatoa njiti.

"Usiwashe!"

Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Aliingia mbio, akampokonya kiberiti, akafunga mtungi, akafungua madirisha, akamvuta nje kwa shati. "Gesi imejaa nyumba nzima, mume wangu! Mpaka uani inanuka!"

Fundi akakaa kizingitini. Nusura amchome mke wake kwa ajili ya jina la mtaani.

"Sinusi," akasema, machozi yakimtoka. "Tangu yale mafua, sinusi kitu."

"Najua."

"Unajua?"

"Manukato yangu yaliisha zamani. Na wewe kila siku, umenukia, umenukia! Hata siku ile nimetoka kumenya vitunguu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, kumbe ungetuua kwanza."

Hewa ilipokuwa safi, mke akakoroga sabuni ya unga kwenye bakuli. Fundi akafungua mtungi kidogo, akapaka povu taratibu kwenye mpira wa gesi. Pale mpira unapoingia kwenye kichwa cha mtungi, kiputo kikavimba, kikapasuka, kikavimba tena.

"Nimekuona, mshenzi wewe," akasema.

Akafunga mtungi, akakata ncha iliyochakaa, akarudisha mpira, akakaza kibano. Walipopaka povu tena, halikucheza.

"Gerejini nitawaambia nini?"

"Waambie pua umeiacha nyumbani kwa mkeo. Wakikwama, waniite."

Fundi akacheka, kamasi na machozi pamoja. Akaegemeza uso shingoni mwa mkewe, akavuta pumzi ndefu. Hakupata kitu.

"Unanukia nini sasa hivi?"

"Sabuni ya kufulia. Na jasho, ulivyonikimbiza."

"Basi leo umenukia, mke wangu," akasema, na safari hii hakuwa anadanganya.