Filamu ya Kioo cha Dereva

Mwalimu wa filamu alikuwa mtu wa masharti. Filamu ya dakika tatu, aliwaambia wanafunzi wake, isimuliwe na kitu cha kawaida, na kitu chenyewe kisijisogeze hata kidogo: kama ni sufuria, kamera ibaki jikoni ione kile sufuria inachokiona, liwalo na liwe. Wenzake wakakimbilia viatu, vitasa na mito ya kulalia. Yeye, binti wa dereva, akachagua kioo cha ndani cha basi la shule alilokuwa akiendesha baba yake, kile cha kutazamia watoto waliokaa nyuma. Watoto wanaorudi nyumbani na njaa, alijisemea, wana vituko vya kujaza filamu kumi.

Basi akaibandika simu yake juu ya kioo kwa utepe wa gundi siku tatu mfululizo, huku baba akicheka na kujiweka sawa kola kama bwana harusi. Siku ya nne, mchana kweupe, akajifungia kwenye chumba cha kuhariri pale chuoni na soda yake, akaanza kutafuta vituko.

Alivipata kwenye video ya siku ya kwanza. Mtoto mmoja alikuwa akimlisha mwenzake kifutio, na yule mwenzake anatafuna kabisa. Binti akacheka peke yake kama mwehu. Halafu jicho likamteleza, likashuka chini ya picha alipokuwa baba.

Baba alikuwa ameacha kupepesa. Macho yako wazi, mikono iko kwenye usukani, midomo inatafuna na mdomoni hamna kitu. Na basi linakwenda. Nje ya dirisha nguzo za umeme zinapita, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mhudumu wa basi, mama ambaye watoto wote walimwita Shangazi, akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma yake akamgusa bega na kumwambia kuna tuta mbele. Baba akashtuka, akapunguza mwendo.

Binti akairudisha video nyuma, akahesabu: sekunde nne. Akajiambia mzee wa watu kachoka tu, nani asiyechoka? Akafungua video ya jana. Mara mbili. Ya juzi, mara moja, tena kwenye njia panda. Lakini lililomtoa jasho jembamba ni Shangazi mwenyewe. Siku zote tatu yule mama hakutazama barabara wala watoto. Alikuwa akimtazama dereva, safari nzima, mkono tayari.

Kumbe anajua! Anajua, na kanyamaza! Binti akampigia palepale, hata salamu hakutoa. Shangazi alikuwa hospitali, binti yake kajifungua alfajiri. Alipoulizwa kuhusu dereva akasema mambo hayo yalianza mwezi uliopita, kwamba amemsihi aende kwa daktari mpaka mdomo umemchoka, na kwamba leo, kwa vile yeye hayupo, mzee alimwahidi ataomba ruhusa asiendeshe.

Lakini asubuhi baba alitoka na sare yake, anapiga mluzi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Watoto hutoka saa tisa kamili. Simu ya baba ilikuwa imezimwa. Hapandi kwenye basi ila ameizima, maana huyo mzee taratibu anazishika zote, sijui kwa nini hii moja ya kutoendesha akiwa mgonjwa ilimshinda. Namba ya mkuu wa shule binti alikuwa nayo. Kidole kikaenda, kikarudi. Akilisema neno hilo, kazi ya miaka kumi na tisa imekwisha leo, na atakayekuwa ameimaliza ni mtoto aliyemzaa mwenyewe. Asipolisema, je? Akaacha soda, akaacha mkoba, akatimua mbio.

Shule ilikuwa mtaa wa tatu kutoka chuoni. Alikimbia vibaya, kiatu kimoja kinamvuka mguuni, na kila honi iliyolia moyo ulimwambia ndiyo hiyo. Alipoingia uani basi lilikuwa limeshajaa, injini inanguruma, limeelekea kwenye mteremko wa geti, na mlango ndio unafungwa. Akaupiga kwa viganja.

Baba akafungua, uso wote furaha. Akawatangazia watoto kwamba mwenye filamu kaja, wakae vizuri na wafute makamasi. Watoto wakashangilia.

"Baba, zima gari."

"Una nini, mama? Mbona unahema hivyo?"

Akamwinamia sikioni ili watoto wasisikie, akamweleza yote: nguzo, tuta, njia panda, mkono wa Shangazi. Aliliogopa lile geti lililokuwa wazi mbele yao, na alimwogopa baba pia, maana tangu azaliwe hajawahi kumwambia aache jambo.

Mzee hakukataa. Alitazama usukani. "Nikishuka hapa leo, mwanangu, sipandi tena. Wadogo zako bado wanasoma. Niache nimalize wiki hii tu, halafu nitakwenda..."

Binti alidhani anatafuta neno. Kisha akaona midomo inatafuna. Macho ya baba yalikuwa yamemwelekea na hayamwoni. Mguu ukalegea kwenye breki, basi likaanza kuteremka polepole, na watoto wakapiga makofi wakidhani safari imeanza. Binti alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, akageuza ufunguo, akauchomoa.

"...kwa daktari," baba akamalizia. Ndipo alipousikia ule ukimya wa injini. Akautazama ufunguo mkononi mwa binti yake.

"Zilikuwa sekunde ngapi?" aliuliza.

"Saba, baba."

Akafungua mkanda. Aliwaambia watoto kwamba leo watapelekwa na dereva mwingine, wakanung'unika, akasimama mlangoni kuwashusha kama kila siku, akimgusa kila mmoja kichwani na kuhesabu. Alipomshusha wa thelathini na moja, ambaye ndiye wa mwisho, mkono ukabaki hewani. Hakugeuka wala hakusema. Binti, roho mkononi, akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Akamzunguka amwone uso. Baba alikuwa anapepesa, anapepesa sana, na machozi yanamtoka.