Ukurasa wa Kwanza

Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Eucabeth Okoth aliweka kikombe cha chai upande wa kushoto wa kompyuta na kabalagala mbili, vile vikeki vya ndizi, upande wa kulia, kisha akafungua orodha ya wagonjwa wa macho. Ofisi ilikuwa Jinja, juu ya duka la vitambaa. Kliniki yenyewe ilikuwa Mbale, mtaa wa Malukhu. Kazi yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kumtia mtu haya: kuiambia sistimu ilete majina ya wanaosubiri kuondolewa mtoto wa jicho, kuchapa ukurasa wa kwanza, na kuutuma Mbale. Ukurasa ulikuwa na mistari thelathini. Waliosubiri walikuwa mia nne na kumi na wawili.

Majina yalikuja kwa alfabeti, kwa kuwa fundi aliyeiweka sistimu aliiacha hivyo akaenda zake. Na umbali wa kufika kliniki ulifuata orodha. Aliyekuwa juu alikuwa karibu, aliyekuwa chini alikuwa mbali. Mzee Isiko wa Budondo, nje kidogo ya Jinja, alikuwa namba kumi na tisa. Siku yake ilipofika alitoka nyumbani, akakatiza shamba la mihogo la jirani, akajikuta kwenye lango la Malukhu hata viatu havijapata vumbi. Kwa barabara ya kila siku hizo ni kilomita mia moja na arobaini na ushee. Aliporudi alimwambia mkewe kwamba Mbale kuna baridi, na mkewe akamtafutia sweta ya kwenda kuangaliwa mara ya pili.

Wenye bodaboda walilielewa jambo hili mapema kuliko madaktari. Kabla ya kukubali safari walimuuliza mgonjwa namba yake.

Wanyama wa Busiu alikuwa namba mia nne na sita. Busiu na Mbale haziko mbali. Wauza ndizi huenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wanyama alitumia siku nne kwenda tu, akaulize zamu yake. Majirani zake wengi walikuwa katika hali hiyo hiyo, kwa sababu wanaume wa Kimasaba wenye majina ya W hawahesabiki, na hakuna aliyemdokezea fundi wa sistimu. Kila wiki walitoka wagonjwa thelathini wakaingia wapya thelathini, na mgeni aitwaye Balikowa hakuona taabu kumpita mtu aliyesubiri miaka mitatu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano Wanyama alipiga simu ofisini akiwa njiani.

"Nyabo, mimi Wanyama wa Busiu. Mimi natoka nyumbani Jumatatu. Leo iko Alhamisi, na bado naona mahindi tu. Hata hiyo mahindi naona nusu."

"Shikamoo mzee. Namba yako ni ngapi?"

"Mia nne na sita."

"Basi umebakiza kama nusu siku. Una chakula?"

"Chakula iko. Macho ndiyo hakuna."

Eucabeth alimuuliza haraka yake ni ya nini, maana wengine walikuwa wamekwishazoea. Wanyama akamweleza. Yeye alikuwa mtahiri wa imbalu, tohara ya vijana ambayo Wamasaba huifanya kila baada ya miaka miwili, kuanzia Agosti. Kisu alikirithi kwa baba yake. Msimu uliopita alipoinua kichwa aliona vijana wawili mahali aliposimama mmoja, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye busara, alimkabidhi binamu yake kisu na kwenda kuketi. Ukoo ulivumilia msimu mmoja. Akikosa wa pili, kisu kingebaki kwa binamu mpaka kaburini, na binamu huyo, alisema Wanyama, ana mkono wa mtu anayekata kabichi.

"Nimekusikia, mzee," alisema Eucabeth. Yeye alitokea Busia, upande wa Kenya, na kwao hawatahiri, lakini alimhurumia mzee kwa dhati, na aliwahurumia vijana wa Busiu zaidi.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, alifanya jambo ambalo lilikuwa limemkodolea macho miaka yote. Juu ya orodha kulikuwa na vichwa vya safu: jina, umri, kijiji, tarehe ya kuandikishwa. Alibonyeza tarehe. Orodha ikatikisika kidogo, ikatulia, aliyetangulia kuandikishwa akiwa juu. Wanyama alikuwa namba mbili. Alichapa, akatuma, akamalizia kabalagala ya pili.

Asubuhi hiyo Wanyama alifungua mlango wa uani amwage maji ya kunawia, akakuta benchi la kliniki. Sista Mitchelle, muuguzi wa Malukhu, alikuwa amesimama hapo na orodha mkononi.

"Umechelewa, mzee," alisema. "Wa kwanza ameshaingia."

Wanyama aliomba ruhusa arudishe beseni ndani. Kufika saa saba jicho la kulia lilikuwa limefungwa bandeji, na wiki chache baadaye likafuata la kushoto. Aliona kwamba mkewe amezeeka vizuri na kwamba paa linavuja mahali pawili. Alifurahi juu ya yote mawili.

Lakini orodha ni orodha, na kila anayepanda humshusha mtu. Wale walioandikishwa karibuni walianza kuonekana barabara ya Tororo wakitembea na vifurushi vya chakula, miongoni mwao watu waliokaa mkabala na kliniki. Hawakulalamika sana. Waliulizana namba na kuendelea.

Varun, meneja wa ofisi, alipanda ngazi kuja kuuliza kuna nini.

"Nimepanga kwa tarehe," alisema Eucabeth. "Lakini, bwana, kwa nini ni thelathini? Stoo ya Malukhu ina lenzi mia sita za kuwekwa machoni. Nimeona mwenyewe."

Varun alivuta kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea kila mfanyakazi halua wakati wa Diwali. Akaeleza kwamba kamati ya kliniki ilipoonyeshwa sistimu mara ya kwanza, skrini ilionyesha wagonjwa thelathini, na kamati ikaona huo ndio ukubwa wa tatizo. Bajeti ikaandikwa hivyo, daktari akaajiriwa siku moja kwa wiki, na fomu ya wafadhili ikachapwa yenye mistari thelathini.

"Ule ni ukurasa wa kwanza tu," alisema Eucabeth. "Kuna kurasa kumi na nne."

"Najua. Hata wao wanajua siku hizi. Lakini fomu zimeshachapwa."

"Na lenzi?"

"Zinazopitwa na muda tunazichoma Desemba, kwa utaratibu." Alisimama, akarudisha kiti mahali pake. "Kupanga ni kazi yako, panga upendavyo. Kuongeza ni kazi ya kamati."

Hili lilimuudhi Eucabeth mpaka chai ikapoa, na hakuwa mtu wa kuacha chai ipoe. Kisha akaanza kupanga upendavyo. Wiki hii kwa jina kuanzia mwisho, wakapona Wanyama wengine watatu na Wamono mmoja. Wiki ijayo kwa umri, wazee kwanza. Wiki nyingine vijana kwanza. Kwa kijiji kuanzia mwanzo, kwa kijiji kuanzia mwisho. Eneo lote kati ya Jinja na Mbale lilijinyoosha na kujikunja kama mkeka unaokung'utwa, na watu wakajifunza kuuliza kila Jumatatu mpango ni upi kabla ya kuanika nguo, kwani haifai kuacha nguo kwenye kamba ambayo kesho itakuwa kwa watu wengine. Eucabeth aliipenda kazi yake kwa mara ya kwanza, wala hakulificha.

Agosti Wanyama alitahiri kwa mkono ulionyooka, na binamu akarudi kwenye kabichi zake.

Oktoba Eucabeth alichapa kurasa zote kumi na nne, apate tu kujua nani bado. Ndipo akaona jina la Magid. Alikuwa ukurasa wa saba. Alipanga kwa umri, Magid akabaki ukurasa wa saba. Kwa kijiji, wa saba. Kwa tarehe, wa saba, kuanzia juu au kuanzia chini. Alikuwa mtu wa katikati kwa kila kitu. Eucabeth akampigia simu.

"Uko mbali kiasi gani, Bwana Magid?"

"Mimi na kliniki ukuta ni moja, dada. Sista Mitchelle akikohoa, mimi nasema pole. Lakini kutembea ni siku mbili. Kila wiki siku mbili. Haipungui, haiongezeki."

"Nikikuandika miaka tisini na tisa, utapanda juu."

Wote wawili walijua hilo si la mzaha. Mwaka uliopita Eucabeth alikosea umri wa mgonjwa aitwaye Kirunda, akaandika themanini na nne badala ya arobaini na nane, na Kirunda akatembelea mkongojo wiki nzima mpaka umri uliposahihishwa.

Magid alifikiri. "Mama yangu iko na sabini na mbili. Sasa mimi nitakuwa mkubwa kwa mama? Nani ataamkia nani?" Akacheka kidogo. "Wacha tu, dada. Mimi niko sawa. Baiskeli natengeneza kwa kupapasa."

Eucabeth aliiandikia kamati barua ya kuomba mistari iongezwe. Kamati ikamshukuru.

Jumatatu alipanga kwa kijiji, kuanzia mwisho, akachapa ukurasa wa kwanza na kuutuma. Huko Malukhu Sista Mitchelle alisimama mlangoni akaita majina thelathini, moja moja, kwa sauti. Upande wa pili wa ukuta Magid, vidole vyake vikitafuta tundu kwenye tyubu, aliyasikia yote, na kwa kila jina alisema hongera.