Kadi Saba za Neno Moja

Ofisi ya kamusi ilikuwa na sheria moja ambayo Mkuu aliishika kuliko alivyomshika mkewe, na mke mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Mfano hautungwi. Kila sentensi inayoingia kwenye kamusi sharti iwe imetoka mdomoni mwa mtu aliye hai, mhariri akaisikia kwa masikio yake, akaiandika kwenye kadi. Chini ya sentensi kulikuwa na mistari ya kujaza: msemaji, yaani ni mwanamume au mwanamke, umri wa kukisia na kazi yake, kisha tarehe, kisha saa. Ndiyo maana wahariri wa ofisi ile walikuwa watu wa kutega masikio kwenye foleni na kwenye vyumba vya kungojea, na hakuna aliyependa kukaa nao meza moja.

Wiki hiyo Bi Kamusi alipewa neno la Kiingereza *keep*. Bi Kamusi ni jina alilobatizwa na mlinzi wa getini, likamganda. Neno lenyewe ni dogo, herufi nne tu, lakini halishibi. Kwa Kiswahili hapa linataka kutunza, pale kufuga, kwingine kuchelewesha, kuficha, kuzuia, kutimiza, kuendelea. Maana saba, kadi saba, na Mkuu alizitaka Ijumaa asubuhi bila hadithi. Mpaka Jumatatu Bi Kamusi hakuwa na hata moja, maana watu ni wakaidi: ukingoja wataje kufuga, siku nzima watazungumzia kupanda kwa bei ya sabuni.

Jumatatu hiyo alifanyia kazi nyumbani, sebuleni, mbele ya cherehani ya dada yake. Dada alikuwa amemzidi miaka kumi. Ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, akamsomesha kwa kushona, na sasa walikuwa wamebaki wawili tu. Alikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kuitika. Awe bafuni, awe na pini midomoni, ukimwita tu "Abee!" inatoka kabla hujafunga mdomo. Bi Kamusi alipokuwa mtoto mwoga wa giza, ile abee kutoka chumba cha pili ndiyo iliyokuwa ikimlaza usingizi.

Basi siku hiyo, kwa kikombe kimoja cha chai, akafanya kisichofanywa. Akatunga sentensi zote saba.

Ya kufuga aliandika: "Jirani yangu anafuga bata watatu, mmoja ana chongo." Kwenye mstari wa msemaji akamweka mwanamume wa miaka sitini, mlinzi. Ya kuchelewesha: "Nini kimekuchelewesha, au lifti imekumeza?" Ya kuficha: "Siri hii nimeificha miaka kumi na tisa." Mkono ulikuwa mwepesi, akajishangaa kwa nini miaka yote hiyo alijitesa kwenye foleni za watu.

Ya saba ndiyo iliyomkwamisha. Alipotaka kuchonga penseli, akaomba wembe. "Dada!" Kimya. Akaita tena, na tena. Cherehani ilikuwa inanguruma, kumbe Dada hasikii. Mwishowe akainua kichwa.

"Abee! Umeniita?"

"Nimekuita mara tatu! Leo masikio umeyashonea kwenye gauni la watu?"

Wakacheka mpaka Dada akatema pini. Bi Kamusi, bado anacheka, akainama akaandika: "Niliendelea kumwita, hakuitika." Msemaji: mwanamke, miaka arobaini hivi, kazi hakuitaja.

Tarehe na saa aliziacha wazi kwenye kadi zote. Uongo wa sentensi aliuweza, lakini uongo wa saa ulimshinda.

Jumanne asubuhi, mlinzi wa getini alimpigia saluti yake ya mchezo. Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Jirani yangu anafuga bata watatu, mmoja ana chongo."

Bi Kamusi akasimama. "Umesema?"

"Nimesema nini?" Mlinzi alionekana kama mtu aliyeamshwa. "Si nimekusalimia tu, Bi Kamusi?"

Tusifiche: kwanza alifurahi. Kadi moja imehalalika! Akaandika tarehe, saa mbili na dakika tano. Akapanda hadi ghorofa ya nne, akafungua mlango, na Mkuu, ambaye hakuwahi kutania kwa miaka kumi na mmoja, akamwambia, "Nini kimekuchelewesha, au lifti imekumeza?" Kisha akajishika mdomo kama aliyekosea adabu.

Jumatano zikaja nne. Mama mmoja asiyemjua alimshika mkono kwenye ngazi, akamnong'oneza, "Siri hii nimeificha miaka kumi na tisa," akashuka zake, siri asiitaje. Saa kumi jioni simu ikalia, namba ngeni, sauti ya mzee: "Ahadi yangu nimeitimiza." Ikakatika. Neno kwa neno, umri kwa umri, na kazi pale ilipojulikana. Bi Kamusi alijaza tarehe na saa. Kadi sita zimetimia. Akaigeuza ya saba: niliendelea kumwita, hakuitika, na chini yake ule mstari mtupu wa saa.

Aliichana vipande, akavitupa chooni, akavuta maji mara mbili. Lakini sentensi haikai kwenye karatasi, na yeye kwa kazi yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Duniani alikuwa na mtu mmoja tu ambaye kutoitika kwake kungekuwa jambo.

Tangu hapo akaanza kuogopa wanawake wa miaka arobaini. Mmoja aliyekuwa nyuma yake dukani alipotaka kusema naye, Bi Kamusi akaacha bidhaa akakimbia. Alijiambia kwamba isiposemwa, haitatokea. Basi isisemwe.

Alhamisi aliomba ruhusa, akabaki nyumbani, akafunga mlango kwa komeo. Mteja wa Dada akabisha hodi, akachungulia dirishani: mwanamke, arobaini hivi. Bi Kamusi akamfukuza kwa ishara kama anayefukuza kuku. Kisha akaanza kuita. Akiwa koridoni, "Dada!" "Abee!" Akiwa anaanika nguo, "Dada!" "Abee!" Kila ikija, moyo unatua, baada ya dakika mbili unaanza upya.

"Wewe leo una nini?" Dada alisema mwishowe, miwani puani. "Umeniita Dada, Dada, mpaka dada mwenyewe ameisha."

"Nataka tu kukusikia."

"Haya, nisikilize vizuri. Gauni hili linatakiwa jioni, na mwenye nalo umemfukuza mlangoni. Sikuitikii tena mpaka nimalize. Nenda jikoni, mdogo wangu, tule."

Alimpiga kikofi cha mapenzi mgongoni. Bi Kamusi akaenda. Alimenya viazi akisikiliza cherehani, na mlio ule ulimtuliza. Kisha ukanyamaza.

"Dada?"

Kimya. Anapinda mkono wa gauni, akawaza. Akamenya kiazi kingine.

"Dada!"

Kimya. Amenuna, na kununa kwake anakujua: atashika msimamo mpaka viazi viive. Bi Kamusi hata alitabasamu. Akaita kwa sauti ya kitoto ya zamani, ile ya kuogopa giza, ambayo Dada hakuwahi kuishinda. Akaita akikatakata, akaita akiwasha jiko, akaita akiweka sufuria. Viazi vilianza kuchemka. Hapo ndipo alipogundua kwamba hata kiti cha Dada hakijalia, na kiti kile hulia mtu akipumua tu.

Dada alikuwa ameegemeza shavu juu ya gauni la watu, miwani imepinda, mguu bado uko kwenye pedali.

Hospitali hawakukawia kumpokea, lakini hakukuwa na la kufanya. Mshipa wa kichwani, daktari alisema, huja bila hodi. Angewahishwa mapema pengine ingekuwa habari nyingine, na pengine ingekuwa hiyohiyo. Akampisha muuguzi kijana mwenye fomu.

"Pole sana, mama. Ni maswali machache tu. Ulijuaje kwamba kuna tatizo?"

Bi Kamusi alikuwa hajalia bado. Alikuwa anautazama mlango, asije akaingia yule mwanamke wa kadi ya saba.

"Niliendelea kumwita," alisema, "hakuitika."

Aliisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Muuguzi aliiandika ile sentensi kama ilivyo, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Akaweka tarehe. Akatazama saa ya ukutani.

"Ilikuwa saa ngapi, mama?"

"Saa sita na robo."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Kazi yako?"

Alifungua mdomo. Halikutoka neno. Muuguzi alingoja kidogo, akamwonea huruma, akauacha ule mstari wazi.