Mita Mia Tatu

Mpimaji udongo alipiga magoti juu ya kifusi cha barabara kilichoshindiliwa jana yake, akachimba shimo la upana wa sahani na kuuzoa udongo wote na kuutia kwenye mfuko bila kuacha punje. Kisha akalijaza shimo mchanga mkavu aliokwisha kuupima, ajue ukubwa wake. Miaka sita alikuwa akiifanya kazi hiyo. Vibarua walimwita Mama Asilimia, kwa kuwa tabaka la msingi lisipofika asilimia tisini na nane ya ushindiliaji unaotakiwa, hata ulie machozi ya damu, hasaini.

Shimo la kwanza lilitoa tisini na mbili. Akadhani mizani imemdanganya. Akachimba la pili, la tatu, mpaka la saba. Katika mita mia tatu nzima hakuna lililovuka tisini na tatu. Na aliyekishindilia kipande kile ni kaka yake wa tumbo moja.

Baba yao alipofariki, kaka huyo ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamleta kwenye kazi za barabara. Kwa madereva wa rola hakuwa na mpinzani. Watu walisema akipita yeye, sisimizi hapati pa kupenyeza mguu.

Alimkuta nyuma ya kontena la vifaa, amesimama kaegemea, wenzake wote wameketi wanakula.

"Kaka, kile kipande umekipita mara ngapi?"

"Mara nane, kama siku zote."

"Na mtetemo?"

Kaka akatazama pembeni. Rola halishindilii kwa uzito peke yake. Gurudumu lake la chuma hutetemeka, na mtetemo huo ndio unaovilaza vijiwe katikati ya mawe mpaka isibaki nafasi. Ukiuzima, juu panapendeza kama sakafu, lakini ndani hamna kitu.

"Nimeuzima," akasema hatimaye. "Jana kutwa, mara ya kwanza. Mgongo, mdogo wangu. Nikiuwasha, ni kama mtu ananigongomea msumari kiunoni, mpaka mguu wa kushoto unakufa ganzi. Wifi yako asijue."

"Si ungesema?"

"Niseme niitwe nani? Dereva wa rola asiyetaka kutetemeka?" Alicheka kidogo, maumivu yakamkatisha. "Lami inaanza kesho kutwa. Andika tisini na nane. Tukimaliza naomba likizo, nitajitibu."

Dada akageuka. Alirudi maabara, chumba cha mabati chenye tanuri la kukaushia udongo, akaketi mbele ya fomu. Alijua yatakayofuata akiandika uongo. Malori yatapita, lami itabonyea, maji yataingia kwenye nyufa, na msimu wa pili wa mvua hautaisha kabla ya mashimo kuanza. Akafikiria kuandika tarakimu za kweli na kunyamaza kuhusu sababu. Lakini hapo lawama zingemwangukia fundi wa mitambo, mtu asiye na hatia. Mara mbili alishika kalamu, mara mbili akaiweka chini.

Mwishowe akaandika kama alivyopima.

Mhandisi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alisoma karatasi akainua macho. "Rola bovu?"

"Rola ni zima. Dereva ni mgonjwa. Mgongo."

"Ni kaka yako, sivyo?"

"Ndiye."

Mhandisi akaitikia kwa kichwa, akatoka nje. Mchana huohuo greda liliyashusha meno yake likaifumua kazi yote, mita mia tatu, watu wanatazama. Kaka alisimama kando, kofia mkononi, kama aliyefiwa. Hakugeuka kumtazama dada yake hata mara moja.

Hospitali walisema pingili mbili za mgongo zimebana mshipa wa fahamu. Mguu ungepona taratibu, lakini rola asahau.

Siku ya tatu wifi alimfuata mpimaji maabara. Hakuja kwa shari; alisimama tu mlangoni, kanga kaikaza kiunoni.

"Sikulaumu kwa kuandika," alisema. "Mimi mwenyewe nimekuwa nikimvalisha soksi mwezi mzima, ananiambia ni uchovu. Lakini wifi, ungekuja kwangu kwanza. Ningemsihi ashuke mwenyewe. Wewe umemshusha mbele za watu."

Mpimaji akamsogezea kiti. Siku zote hizo alikuwa amepima kweli na uongo tu. Njia hiyo ya tatu haikumpitikia kabisa, na sasa ilimwuma kuliko kimya cha kaka.

Kipande kilishindiliwa upya, kikatoa tisini na tisa. Akasaini. Hakuna aliyempongeza, naye hakutaka pongezi.

Kila Jumapili alikwenda kumwona kaka yake nyumbani kwake. Wiki za mwanzo kaka alizungumza na kila mtu chumbani isipokuwa yeye. Baadaye akaanza kumjibu, ya watoto na ya hali ya hewa, si zaidi. Barabara haikutajwa. Ilipita miezi miwili ndipo siku moja, wifi akiwa nje anaanika nguo, kaka akauliza huku akitazama dari.

"Rola wamempa nani?"

Akamtajia kijana mmoja aliyekuwa dereva wa lori la maji.

"Yule ana pupa," kaka akasema. "Mpime sana."

Kisha akageukia ukutani, maana hakuweza kulala chali kwa muda mrefu, na dada akabaki ameketi pale, asijue kama amesamehewa.