Kobe Aliyebaki Pangoni

Watoto walimwita Mama Nguchiro, maana shujaa wa vitabu vyake alikuwa nguchiro. Hata fundi bomba alimwita hivyo. Alikuwa ameshatoa vitabu vitatu vya wanyama wanaosema, na cha nne kilikaribia kwenda kuchapwa.

Siku moja alialikwa shuleni kuwasomea watoto. Alisoma vizuri, akaigiza sauti ya fisi mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia dirishani. Kisha yakaja maswali. Msichana mmoja, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, akasimama.

"Shikamoo. Kobe yuko wapi?"

"Marahaba. Kobe yupi?"

 Waliokuwa wakipigana viwiko huko nyuma wakaacha.

"Wa kitabu cha pili," msichana akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Aliinua jiwe la mlango wa pango kwa mgongo wake ili wenzake wapite. Akawaambia, 'Tangulieni, nakuja.' Kitabu cha tatu kinaanza, wote wanasherehekea. Yeye hayupo. Wala hakuna aliyemuulizia."

Mama Nguchiro alihisi masikio yakimwaka moto. Kobe alikuwa amemtoka kabisa akilini.

"Yuko njiani," akasema.

"Tangu kitabu cha pili?"

"Ni kobe, mwanangu."

Walimu wakaangua kicheko. Watoto hawakucheka. Msichana akashukuru kama alivyofundishwa, akaketi.

Nyumbani Mama Nguchiro alimkuta mumewe anapiga pasi.

"Ulijua kwamba nimemsahau Kobe?"

"Nilijua hayupo."

"Na ukanyamaza!"

"Nilidhani amekufa, na wewe hutaki kuligusa." Akageuza shati upande wa pili. "Nikaomboleza kimyakimya."

Mama Nguchiro akampigia simu mhariri wake, ambaye siku zote huongea kama mtu aliyeacha teksi inamsubiri nje.

"Weka sentensi moja," mhariri akasema. "'Kobe alifika salama.' Yamekwisha."

"Mtu kabeba jiwe kitabu kizima, wewe unampa sentensi moja?"

"Basi mbili."

Walivutana mpaka akapewa sura nzima katika kitabu cha nne, kwa sharti kwamba dhoruba ya baharini iliyomo ipunguzwe.

Akaandika Nguchiro akiwaaga wenzake na kurudi pangoni. Mpaka hapo kalamu ilikwenda. Ila Kobe alipotakiwa kufungua kinywa, mambo yakagoma. Akimpa hasira, anakuwa si Kobe tena. Akimpa msamaha, inanuka mahubiri. Mama Nguchiro akashinda mezani akiandika na kufuta, chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Mwisho akaimeza aibu yake, akarudi shuleni kuomba kuonana na yule msichana. Wakakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu.

"Nguchiro amefika pale kwenye jiwe," akamwambia. "Kobe anamwona. Atamwambia nini?"

Msichana hakufikiri sana. "Atauliza kama wote walifika."

Mama Nguchiro akautazama uwanja. Mtu alikuwa anafagia majani. Akamtazama anavyofagia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na Nguchiro atamjibu nini?"

"Hiyo sasa ni kazi yako, mama," msichana akasema, akainuka. "Mimi nina kipindi cha sayansi."

Basi akaandika hivyo. Kobe aliuliza kama wote walifika. Nguchiro aliingiza bega chini ya jiwe, akasukuma.

Kitabu kilipotoka alimpelekea yule msichana nakala shuleni, kisha akajizuia asipige simu. Alijizuia kwa bidii, mpaka mumewe akachoka, akampigia yeye mwalimu wa msichana na kumpa mkewe simu mkononi.

"Amekisoma?" akauliza.

"Amekisoma. Mapumziko yote hakutoka darasani."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Haya,'" mwalimu akajibu. "Halafu akaenda kucheza mpira."